Kipimo ni cha Nani?

Mjomba wangu analima mahindi Laela, kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Tunduma, na kama wakulima wengi wa Ufipa ana ugomvi wa miaka mingi na vipimo. Ugomvi wenyewe unaitwa lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia lake, anajaza mpaka mdomoni, anashindilia, kisha anashonea kichwa juu, halafu analipa bei ya gunia moja. Serikali imepiga marufuku mara nyingi. Lumbesa bado ipo. Ndiyo maana mjomba, akisikia mtu anataja namba yoyote inayomhusu, kwanza anauliza nani kashika mizani.

Novemba iliyopita, kwenye upimaji wa bure wa Siku ya Kisukari Duniani pale mjini Sumbawanga, nesi alimtoboa kidole, akasubiri sekunde chache, akasema, "Mzee, imesoma sita nukta tano." Mjomba akauliza, "Kipimo chenyewe ni cha nani?"

Nesi akadhani anaulizia mashine. "Ni ya mradi, mzee."

Nilicheka. Lakini tangu siku ile swali halijaniachia, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona mjomba aliuliza jambo ambalo hata wenye taaluma wanalizunguka.

Nieleze tulifikaje pale. Mimi nilikuwa kazini, natafuta habari. Yeye alikuja na basi la alfajiri kufuata mbolea, maana mvua zilikuwa zimeshaanza. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu usiku wa jana yake. Mimi nami, kwa haraka zangu za kila siku, hata chai sikuwa nimekunywa. Nikamvuta foleni tukapime wote. Yake ikasoma 6.5. Yangu 5.8.

Nesi alimwambia mjomba kwamba kisukari bado hakijafika, ila "kinakunyemelea". Mimi akaniambia niko sawa. Halafu, kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia, akamgeukia tena mzee: "Tatizo lenu mnakula ugali mwingi halafu mnakaa tu."

Mjomba anakaribia miaka 60. Ni mwembamba. Mkanda wake ameuongezea tundu kwa msumari. Shamba lake analima kwa jembe la ng'ombe na la mkono. Alimtazama yule binti, akatazama viganja vyake, akasema kwa upole tu, "Sawa, binti yangu." Tukatoka.

Sasa twende kwenye zile namba. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mtu aliyekaa usiku kucha bila kula, sukari yake ikiwa chini ya 6.1 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, yuko kawaida. Ikifika 7.0 na kuendelea, na ikathibitishwa kwa kipimo kingine, huyo ana kisukari. Katikati, 6.1 mpaka 6.9, ndipo alipokaa mjomba. Lakini Chama cha Kisukari cha Marekani mwaka 2003 kiliushusha mstari wa chini mpaka 5.6. Kwa hiyo mimi na 5.8 yangu ni mzima kwa hesabu ya Geneva, ila nikipanda ndege kwenda Chicago nitashuka nikiwa na tatizo ambalo sikupanda nalo. Damu ni ileile. Kilichohama ni mstari.

Wagiriki wa kale walikuwa na fumbo la rundo, wanasema lilitungwa na Eubulides wa Mileto. Una rundo la nafaka. Ondoa punje moja: bado ni rundo. Ondoa nyingine: bado. Ni punje ipi ukiiondoa rundo linakoma kuwa rundo? Hakuna. Na hata hivyo mwisho wa siku sakafu iko tupu, na kila mtu anaona. Ukikaa Ufipa mwezi wa saba, mahindi yamemwagwa kila ua, hilo fumbo huhitaji kulielezwa mara mbili. Kisukari ni rundo linalojengwa punje kwa punje, na hakuna asubuhi ambayo mtu aliamka akakikuta kimeanza. Waliochora mstari hawakudanganya. Walijua kwamba kadiri namba inavyopanda ndivyo hatari inavyoongezeka, na daktari hawezi kufanya kazi bila mahali pa kusema "hapa nianze kushughulika". Ila mstari ni uamuzi wa watu. Mjomba alikuwa na haki ya kuuliza ni watu gani.

Kinachoendelea mwilini chenyewe kikoje? Nitajaribu kusema kama nilivyomwambia mjomba ndani ya basi, nikimsindikiza kurudi Laela.

Chakula kikishasagika, sukari inaingia kwenye damu. Kongosho linatoa insulini, na insulini inakwenda kubisha hodi kwenye misuli, kwenye ini, kwenye mafuta: fungueni, kuna mzigo. Mwili ukiwa mwepesi, hodi moja inatosha. Sasa fikiria nyumba ambayo stoo imejaa, magunia yamefika mpaka ukumbini. Mgeni anabisha, wenyewe wanasikia, lakini mlango haufunguki wote. Mafuta yaliyojikusanya ndani ya misuli na ini, mahali ambapo hayakupaswa kukaa, ni moja ya sababu kubwa za mlango kukwama hivyo. Adabu yetu inasema ukibisha hodi mara tatu bila kuitikiwa, unaondoka. Insulini haina ruhusa ya kuondoka. Kongosho linapaza sauti, linatuma nyingi zaidi, na kwa miaka mingi kelele hiyo inafanikiwa: sukari inabaki kawaida, mtu hana habari. Hali hiyo ndiyo usugu wa insulini. Siku kongosho linapoanza kuchoka, sukari inaanza kubaki njiani kidogo kidogo. Hapo ndipo kwenye 6.5.

Daktari Mwingereza Harold Himsworth aliandika mwaka 1936 kwamba kuna wagonjwa wa kisukari ambao miili yao inaitikia insulini na wengine ambao haiitikii. Ilichukua zaidi ya nusu karne, mpaka mhadhara maarufu wa Gerald Reaven mwaka 1988, kwa usugu huo kuonekana kama mzizi wa mambo mengi: sukari, presha, mafuta ya damu.

Nalipenda neno letu hili, usugu. Sugu ni ile ngozi ngumu ya kiganjani ambayo mpini wa jembe huiacha. Hakuna anayemlaumu mtu kwa sugu zake. Ni kumbukumbu ya kazi, mwili umejikinga na kitu kilichousugua muda mrefu. Mjomba aliponiuliza "usugu maana yake nini?" nilimshika kiganja tu. Akatikisa kichwa, akasema, "Kwa hiyo na ndani nako kumesuguliwa."

Kumesuguliwa na nini? Jibu la nesi lilikuwa fupi: ugali na kukaa. Na hapa ndipo makala hii inapotaka kusimama, kwa sababu swali la chanzo limegeuka haraka sana kuwa swali la mkosaji.

Sisi wa Sumbawanga tunalijua hilo kuliko wengi. Jina la mji wetu, kwa tafsiri ambayo kila mtoto wa hapa ameisikia, maana yake ni "tupa uchawi": unayeingia, uache vitu vyako huko nje. Tumetaniwa kwa jina hilo nchi nzima. Lakini ukiacha utani, uchawi ulikuwa pia njia ya kujibu swali lilelile: kwa nini mimi, kwa nini sasa? Na jibu lake siku zote lilikuwa na uso. Jirani, mke mwenza, bibi mwenye macho mekundu. Watu wameumia na kufa kwa majibu hayo. Zahanati ilipokuja, tulifurahi kwamba hatimaye ugonjwa utakuwa na sababu bila kuwa na mshtakiwa.

Kumbe tulihamisha kidole tu. Zamani kilimwelekea jirani; sasa kinamwelekea mgonjwa mwenyewe. Umekula mno. Umekaa mno. Umejitakia. Susan Sontag aliandika kitabu kizima mwaka 1978 kulalamikia jambo hili, jinsi ugonjwa unavyofanywa kuwa hukumu ya tabia ya mgonjwa. Yeye alikuwa akiangalia kifua kikuu na saratani. Angekaa kwenye foleni yetu ile ya Novemba angeongeza sura.

Tuchunguze basi hayo mashtaka, kama mahakama yenye haki inavyopaswa.

Rukwa ni moja ya mikoa inayolisha nchi. Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa: ndivyo zilivyotajwa miaka yote ukizungumzia mahindi. Maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yako pale pale mjini. Na bado, utafiti wa taifa wa afya wa 2015–16 ulipopima watoto chini ya miaka mitano, Rukwa ilikuwa kileleni kwa udumavu: watoto kama 56 kati ya kila 100 walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyodai. Zaidi ya nusu, katikati ya marundo ya mahindi. Mtoto alishiba ugali lakini maharage, mboga, samaki na maziwa havikumfikia vya kutosha, au vilifika kwa watu wazima kwanza, au mama yake alikuwa shambani kutwa, au maji yalimharisha kila mwezi. Hizi zote ni njia za kudumaa bila kulala njaa.

Hilo linaihusuje sukari ya mzee? Mwaka 1992, Waingereza wawili, Nicholas Hales na David Barker, walipendekeza kwamba mtoto aliyepungukiwa tumboni mwa mama na katika miaka ya mwanzo hujengwa kwa kubana matumizi. Kongosho linakuwa na akiba ndogo, mwili unajifunza kuhifadhi. Mwili huo uko tayari kwa maisha ya dhiki. Ukija kuishi kwenye sembe iliyokobolewa, chai ya vijiko vinne na soda ya kila mgeni, unaelemewa mapema kuliko mwili wa aliyekua vizuri, hata kabla haujanenepa. Tangu wakati huo ushahidi wa kuunganisha uzito mdogo wa kuzaliwa na kisukari cha ukubwani umekusanyika katika nchi nyingi.

Mjomba alizaliwa miaka ya sitini, wa sita katika nyumba yao. Sijui uzito wake wa kuzaliwa, hakuna aliyempima. Siwezi kusema 6.5 yake ilianzia huko. Lakini nesi naye hawezi kusema ilianzia kwenye sahani ya jana. Na kati ya wawili sisi, yeye ndiye aliyetoa hukumu mbele ya watu.

Kuna ushahidi mwingine wa kwetu kabisa. Miaka ya themanini, Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao wa Muhimbili walipima watu zaidi ya elfu sita katika vijiji sita vya Tanzania, kwa ile njia ya kunywa maji ya glukosi na kupimwa baada ya saa mbili. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1989. Wenye kisukari walikuwa chini ya asilimia moja. Lakini walio katikati, ambao si wazima wala si wagonjwa, walikuwa takribani asilimia nane. Fikiria: vijiji vya wakulima wa jembe, baiskeli ni anasa, na tayari wako wengi pale mlangoni. Ugali mwingi na kukaa tu?

Mwaka 1991 watafiti hao walirudi na makala iliyouliza kama sehemu ya ile hali ya katikati haikuwa uzushi wa kipimo chenyewe. Kwa kawaida kila mtu mzima hunyweshwa gramu 75 zilezile za glukosi, awe wa kilo 90 au wa kilo 45. Kipimo ni cha nani? Mjomba angekaa nao meza moja.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta wenye sukari ya kiwango cha kisukari wamefika kama asilimia tisa. Umri na njia havilingani na vya 1989, hivyo mtu asichukue namba hizi mbili akagawanya. Ila mwelekeo unaonekana. 

Nimefika mahali ambapo ningeweza kumaliza kwa kusema: basi, mjomba hana hatia, tumwache. Ningekuwa mwongo. Mwaka 2002 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuata watu zaidi ya elfu tatu wenye hali kama ya mjomba. Kundi lililosaidiwa kupunguza asilimia saba ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin, asilimia 31. Yaani mlango huu unaruhusu kurudi nyuma. Ukimwambia mtu "si kosa lako" kwa namna ya kumfanya aamini hakuna la kufanya, umemnyima kitu kikubwa. Umemrudisha kwa mganga, tofauti ni kwamba safari hii mchawi anaitwa historia.

Nadhani kosa letu ni kudhani wajibu lazima uzaliwe na hatia. Eti kama sikulivunja, halinihusu kulitengeneza. Na kama nimeambiwa nilitengeneze, basi nimeitwa mkosaji. Lakini maisha yetu ya kila siku hayaendi hivyo. Mvua ikibomoa ukuta wa jirani usiku, asubuhi tunakwenda na majembe. Hakuna aliyebomoa. Mtoto wa marehemu ndugu yako unamlea, na hukumuua baba yake. Mzee wa Ufipa wa zamani alikuta udongo wa uwanda umechoka. Hakuuliza nani aliuchosha. Alizika majani ndani ya matuta ya duara, akaacha yaoze, msimu uliofuata akasambaza na kupanda ulezi. Lawama hutazama nyuma kutafuta uso. Wajibu hutazama mbele kutafuta mikono, na mara nyingi unahitaji mikono mingi kuliko ya mtu mmoja.

Maana tuangalie "punguza ugali" inapofika jikoni Laela. Apunguze ugali, aongeze nini? Maharage anayo, Ufipa ni nchi ya maharage, lakini ndiyo yanayouzwa kulipa ada. Ale dona badala ya sembe? Dona ni rahisi kuipata, mashine ipo, ila kwa mgeni sembe nyeupe ndiyo heshima, na mke wake ataonekana kaishiwa. Aache sukari kwenye chai? Anayekoroga chai si yeye. Ndani ya nyumba hiyo, kubadilisha sahani ya mtu mmoja ni kubadilisha desturi ya watu wanane na maana ya ukarimu. Wale Wamarekani wa 2002 walikuwa na mshauri wa kuonana naye mara kwa mara. Mjomba alipewa sentensi moja kwenye foleni.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa vile nimejipa uhakimu: kumwambia mtu mapema ni tendo jema, hata kama mstari wenyewe umechorwa na binadamu na unaweza kuhama. Kumwambia na kumlaumu kwa pumzi moja kunaharibu ule wema, kwa sababu aliyelaumiwa hujitetea, na anayejitetea harudi kupimwa. Na kumwambia kisha kumwachia peke yake ni lumbesa nyingine: mzigo wa watu wengi umeshindiliwa kwenye gunia la mmoja, umeshonewa kichwa juu, halafu anahesabiwa gunia moja.

Je, mjomba ni mgonjwa? Nimejaribu maneno mengi. Kiswahili cha hospitali kinasema yuko katika hali ya kabla ya kisukari, na siipendi, kwa sababu "kabla" inaahidi kwamba "baada" inakuja, wakati si wote walio hapo wanaofika huko, na wengine hurudi kwenye kawaida. Kwa sasa namwita mtu aliyepewa taarifa. Ni cheo kidogo, lakini kina haki zake: kupimwa tena vizuri kwenye maabara, kuelezwa, kutokufokewa.

Nilimpigia juzi nikiandika haya. Amerudia kipimo? Bado, anasubiri mahindi yakomae. Amebadilisha nini? Akasema shangazi yako sasa anapika maharage kila siku na ugali anaukata mdogo, wa dona. Majirani wanamtania kwamba mahindi yake ya kuuza yataongezeka. Kwenye chai amebaki na kijiko kimoja, "hicho nacho nimemwachia yule binti wa mjini."

Kisha akaniuliza, "Na wewe, mjomba, yako ilikuwa ngapi vile?"

Nikamwambia 5.8, kwamba inategemea kipimo ni cha nani.

Akacheka sana, akakohoa, akasema, "Sawa. Lakini chai unakunywa vijiko vingapi?"